Mguu wa Kulia

Jumwa kaja likizo. Tumekaa Maweni
kwa mama wa mbaazi na mahamri,
yeye wa jeti, mimi wa mapangaboi mawili,
jenereta ya kinyozi jirani ikikohoa.

Chuo cha urubani tulilalia godoro moja,
tukasomea taa moja, tukadaiwa karo pamoja.
Kisha yeye akapaa: Dubai, Mumbai, Guangzhou.
Mimi Wilson, Malindi, Manda, Malindi, Wilson,
sindano ya cherehani
inayorudi kitambaa kile kile.

"Kwako kukoje?" namuuliza.
Analamba nazi kidoleni.
"Kwangu nyenzo za nguvu huenda zenyewe.
Mimi naziwekea kiganja tu,
kama unayemshika mkono kipofu
anayeijua njia kukushinda.
Namtajia kasi, anaitafuta.
Ukungu ukifunga, anatua mwenyewe,
na abiria wanampigia makofi nani? Mimi."

Kwangu, nasema, otopailoti yupo,
ila ni kibarua wa nusu siku.
Atashika mwinuko, atashika mwelekeo;
nguvu hagusi. Nguvu ni mkono wangu.
Nikijisahau tukipanda, kasi inavuja
kimya, mtungi wenye ufa,
naye kaishikilia pua juu vile vile,
mtiifu hadi kaburini.
Na kila nikisukuma nyenzo, pua yavutwa kushoto;
mguu wa kulia unaijibu kabla sijawaza.
Injini moja ikifa, basi, pangaboi lake
linajigeuza lenyewe, makali kwa upepo.
Hilo nimefanyiwa. Hilo nashukuru.

"Wewe unaendesha," Jumwa anasema.
"Mimi nasoma skrini."

Nilikaribia kukubali. Sifa ni tamu
kuliko mahamri.

Lakini palikuwa na Manda, mwezi wa saba,
safari ya sita ya siku ile,
upepo wa ubavuni, mikoko imelala upande mmoja,
Kapteni Shekuwe kiti cha kushoto, kimya.
Mikono yangu ilijaa: nguvu, usukani, redio,
miguu inacheza, jasho machoni,
na mimi, wallahi, najiona fundi.
"Magurudumu, mwanangu," akasema,
kabla king'ora hakijalia.
Nikatazama. Taa tatu za kijani
hakuna hata moja.

Sijamwambia mtu. Nikamwambia Jumwa.

Akakoroga chai isiyo na sukari
muda mrefu.
"Mimi ilikuwa usiku," akasema, "juu ya bahari, barafu.
Vipimo vya kasi vikaanza kubishana.
Yule kipofu wangu akapiga mlio mmoja
akaniachia ndege nzima mapajani,
kama mgeni anayekupa mtoto analia, akaondoka.
Saa elfu tatu angani, dada,
na nikaitafuta mikono yangu.
Sekunde nne.
Huzihesabu nikiwa kitandani. Moja. Mbili."

Mama wa mbaazi alikuwa akitusikiliza
upawa ukidondosha tui.
"Sasa mimi nikienda kumwona binti yangu Lamu,
nipande ipi? Ipi salama?"

"Zote," tukajibu,
kwa pamoja, haraka mno,
naye akatutazama mmoja mmoja
kisha akafunika sufuria.
"Nitapanda basi."

Tukacheka hadi kinyozi akachungulia.
Hatukuamua lolote. Jumwa akalipa,
mshahara wa jeti si wa mapangaboi,
hilo halina mjadala.

Ndipo jenereta ikapandisha sauti ghafla,
na chini ya meza, bila ruhusa yangu,
mguu wa kulia ukakanyaga mchanga.

Nikainua macho kuona kama kaona.
Hakuona. Alikuwa akiitazama barabara ya uwanja wa ndege,
kiganja chake juu ya kifuniko cha sukari,
hakisukumi, hakivuti,
kinangoja kiende chenyewe.